Mguu Uliosamehewa

Siku niliporuhusiwa kutoka hospitali, kaka yangu alikuja kunichukua na pikapu yake. Nyuma alikuwa amepakia magunia ya pumba anayopeleka kwa mteja. "Lala hapo juu," akaniambia. "Ni laini kuliko godoro la serikali." Nililala kifudifudi juu ya pumba kutoka Moshi mjini hadi Marangu, mshono wa mgongoni ukiwa juu kama zipu ya begi. Barabara ilipoanza kupanda alikuwa anasimama kila mara, nikadhani ananihurumia. Kumbe alikuwa anasimama kusalimia watu na kuwaonyesha mzigo.

"Ndiye huyo. Wamempasua, wametoa kilichokuwa kinamsumbua. Daktari amesema sasa ni mzima."

Watu walichungulia nyuma wakanipa pole, wakampa kaka hongera. Nilikuwa bado sijashuka garini, na tayari njia nzima ilikuwa inajua kwamba mimi ni mzima. Sikubisha, kwa sababu siku hizo hata mimi nilijiona mzima.

Nilimaliza chuo kikuu katika miaka ile ambayo serikali iliacha kuajiri. Waliotutangulia walipangiwa vituo vya kazi kabla hawajavua majoho. Sisi tuliambiwa kuna soko huria, na soko huria halikuwa na haja na mtu aliyesoma falsafa. Nilirudi nyumbani na sanduku la vitabu. Nilichokuwa nacho duniani ni kihamba, shamba la nyumbani, maana mimi ni wa mwisho. Kwetu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba pamoja na migomba na kahawa zinazoizunguka. Wa kwanza hukatiwa kipande chake anapooa, na wetu alikuwa ameshakatiwa zamani, akahamia Arusha. Wa katikati huambiwa dunia ni kubwa. Kaka mwenye pikapu alikuwa wa katikati. Aliitafuta hiyo dunia kubwa, akaanza na mitumba sokoni, akamalizia na duka la vyakula vya mifugo, na kila akija nyumbani alikuwa anatembea kwenye migomba akiipigapiga kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe.

Mgongo uliniharibikia bandani, nikimkatia ng'ombe mgomba. Niliinama kuokota kipande kisichozidi uzito wa mtoto mchanga, nikasikia kitu kikiteleza ndani ya kiuno, kisha umeme ukashuka kuanzia takoni, nyuma ya paja, ukatokea kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Nilikaa kwenye kinyesi cha ng'ombe mpaka mama aliponikuta. Hospitalini walinichoma sindano ya dawa kwenye uti wa mgongo, wakapiga picha, wakanionyesha mahali ile dawa ilipokwama: kile kitu laini kilicho kati ya pingili mbili kilikuwa kimechomoza na kuubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Wangekitoa. Niliwauliza maswali mengi hadi daktari mmoja akaniuliza kama ningependa kushika kisu mwenyewe.

Walikitoa. Nilipozinduka mguu ulikuwa kimya. Nililia. Siku zote nilikuwa nimewacheka watu wanaosema muujiza, na siku ile nilikaribia kulitumia neno hilo mbele ya wauguzi.

Kimya hicho kilidumu hadi baada ya nyuzi kutolewa. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama kibarazani napiga mswaki, na joto likaanza kupanda ndani ya shavu la mguu, polepole, kama mtu anayemimina chai kwenye kikombe. Haukuwa ule umeme wa zamani. Umeme ulikuwa unapiga na kuachia. Joto hili lilikaa. Unyayo wenyewe ulikuwa umekufa ganzi nusu, upande wa nje, na sehemu hiyohiyo iliyokufa ndiyo iliyokuwa inaungua. Mguu uliokufa ganzi unaumaje? Swali hilo niliulizwa na kila mtu, lakini mimi nilitangulia kujiuliza. Nilichukua pini, nikafumba macho, nikajichoma kidole baada ya kidole, nikifumbua kuangalia kama nimekosea. Nilikosea. Pini niliyodhani iko kwenye kidole kidogo ilikuwa imezama kwenye godoro, na ya kidoleni sikuijua mpaka nilipoona damu. Nilijiambia huu ni ushahidi. Nilimwonyesha mama.

"Kwa hiyo umejichoma pini," alisema. "Halafu unalalamika mguu unauma."

Kaka alinipeleka kliniki. Nilidhani ni wema, na labda ulikuwa wema. Mtu anaweza kufanya wema kwa sababu zaidi ya moja. Aliingia nami hadi ndani. Daktari bingwa aliitazama picha mpya, akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka, akagonga goti kwa kinyundo.

"Mgongo unauma?"

"Mgongo hauumi. Mguu ndio—"

"Mgongo hauumi. Vizuri sana. Upasuaji umefanikiwa."

"Ulifanyika kwa ajili ya mguu, daktari. Mgongo wenyewe haukuwahi kunisumbua hivyo."

Alinitazama juu ya miwani. "Wewe ni mwalimu?"

"Nimemaliza chuo kikuu."

"Ndiyo," akasema, kama mtu aliyepata jibu la vipimo. "Waliosoma wanajisikiliza mno. Mkulima ningemfanyia hii kazi, sasa hivi yuko kwenye migomba. Tembea, fanya kazi ndogondogo. Mguu ukiona huna habari nao, utanyamaza."

Niliuliza kama kovu la ndani linaweza kuushika mshipa. Akasema linaweza. Nikauliza kama ndilo lililonipata mimi. Akasema linaweza kuwa, linaweza lisiwe, na hata likiwa ndilo hatafungua tena mgongo kwenda kukata kovu ili atengeneze kovu jingine. Hilo ndilo jibu pekee la kweli nililowahi kupewa na mtu yeyote juu ya mguu wangu, na lilichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Nyumbani kaka hakulifikisha. Alifikisha maneno mawili tu: upasuaji umefanikiwa.

Sisi Marangu tunaishi mlangoni mwa mlima. Kila siku wageni wanapita na fimbo zao, wakitembea kama watu wanaopita juu ya mayai, na wapagazi wakiwaambia pole pole. Nilipoanza kutembea na fimbo, vijana waliokuwa wanangoja mizigo barabarani hawakuhitaji kufikiri sana.

"Mtalii! Pole pole, mtalii! Utafika kileleni!"

"Mtalii, maji umebeba?"

"Mwacheni, huyo anapanda kwenda chooni kwao."

Nilicheka nao siku za mwanzo. Nami nilikuwa nimebeba mizigo ya wageni likizo mbili, nilijua hali ya kungoja asubuhi nzima bila kupata mzigo, mtu anahitaji wa kumcheka. Baadaye jina likaingia nyumbani. Nilimsikia mama jikoni akimwambia jirani, "Mtalii bado amelala." Mama yangu, ambaye kila asubuhi alinipikia mtori kama mzazi aliyejifungua, alianza pia kunipima. Aliniita ghafla nikiwa nimejisahau, aone kama nitachechemea. Siku moja ng'ombe alikata kamba akaingia kwenye maharage na mimi nikakimbia. Nilikimbia kweli. Mtu akiona ng'ombe anakula maharage ya mama yake hukimbia kwanza. Siku tatu zilizofuata sikuweza kukaa wala kulala, nilikula nimesimama, nimeegemea ukuta. Siku hizo tatu hakuna aliyezikumbuka. Walichokumbuka ni kwamba nilikimbia.

Ndipo akaja shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mwanamke wa kanisani, kiti chake kiko mbele kabisa, lakini mambo ya ukoo alikuwa nayo kwenye mfuko mwingine. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anautazama mguu.

"Hospitali imemaliza yake?"

"Wanasema imemaliza, shangazi."

"Na mguu bado."

"Bado."

"Basi haukuwa wa hospitali." Akamgeukia baba, aliyekuwa anachambua kahawa kwenye ungo. "Wewe. Kuna neno gani kati yako na huyu mtoto?"

Baba alisema hakuna neno. Akasema tena. Mara ya tatu akaweka ungo chini, nami nikajua ni lile.

Krismasi iliyotangulia, nyumba ikiwa imejaa watu waliorudi kutoka mijini, mbuzi amechinjwa, wazee wamekaa, nilikuwa nimesema kwamba kahawa hizi siku hizi ni kuni tu, zing'olewe tupande nyanya. Nilisema kwa hesabu. Bei ilikuwa imeanguka, wanunuzi binafsi walikuwa wanakuja na mizani yao, na baba alikuwa bado anazipogoa kama siku zile ziliponilipia shule. Wageni walicheka. Baba hakucheka wala hakukasirika. Alisema kitu kuhusu chumvi ya nyama.

"Umemuumiza baba yako mbele ya watu," shangazi alisema. "Kinyongo kikikaa kwa mzazi kinatafuta njia ya kutokea. Kimetokea hapo." Alinionyesha shavu la mguu kwa kidole. "Mletee isale."

Isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani. Likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, hawezi kukataa kusamehe. Hata kama umemuulia ndugu. Nilikulia nikiambiwa hivyo, na chuoni niliwahi kuandika insha nikilisifu kama mahakama isiyo na hakimu. Sasa nilitakiwa kulikata.

"Na nikilipeleka, mguu usipopona?" nikauliza.

Shangazi akatabasamu, ndiyo mara pekee siku hiyo. "Basi si mguu."

Hapo ningesimama. Mtu aliyefundishwa kupima hoja angelisikia neno hilo likifunga mlango. Lakini niliwaza kama msomi mjinga: jani ni jani. Nisipolipeleka nitaonekana na kiburi, nikilipeleka baba atafurahi, na mguu utabaki pale ulipo kwa sababu haujui kusoma majani. Nilikosea: mguu haukulihesabu jani, lakini watu wangelihesabu.

Jumapili baada ya ibada nililikata, nikalifunga fundo, nikapiga goti moja mbele ya baba, lile la kulia, kwa sababu la kushoto lilikataa. Kaka alikuwepo. Nilisema nimekosa. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Akachota mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata, akaishika mdomoni, akanipulizia kwenye mguu mzima, kuanzia kiunoni hadi unyayoni. Ilikuwa baridi. Kwa kitambo kile joto lilipungua, kama linavyopungua nikiuloweka mguu kwenye mfereji, na baba akaona uso wangu.

"Imepungua," akasema. Hakuwa ananiuliza.

"Imepungua," nikasema.

Kaka akapiga makofi.

Ilipofika jioni mguu ulikuwa unaungua kama kawaida. Nilisubiri wiki ipite kabla ya kusema, na kabla wiki haijapita kaka alikuja.

"Kesho mfongo," akasema. Mfongo ni mfereji unaotuletea maji kutoka msituni. Kila nyumba inayokunywa hutoa mwanamume siku ya kuuzibua, mzee akisamehewa kama ana kijana, mgonjwa akisamehewa kama ni mgonjwa. Nyumba isiyotoa mtu hufungiwa maji. "Nimewaambia nyumba hii ina mtu."

"Siwezi kuinama, kaka. Unajua."

"Najua nini? Daktari alisema mzima, nilisikia kwa masikio yangu. Mzee amekusamehe, niliona kwa macho yangu. Sasa niambie wewe uliyesoma. Kama mguu bado unauma, ama ulimpelekea mzee isale la uongo, ama unatudanganya. Chagua moja."

Niligeuza hoja hiyo kila upande, nikatafuta ufa. Ilikuwa na ufa, ilikuwa na nyufa nyingi, lakini zote zilikuwa kwenye mambo ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kuyakubali kwa goti moja chini.

Nilienda. Walinipa jembe, wakanipanga mahali pa tope, kaka akiwa amekaa juu ya ukingo na shati safi kwa kuwa nyumba hutoa mtu mmoja tu. "Mtalii leo kapata kibali cha mlima!" mtu akapiga kelele. Nilichimba. Sitaki kusema nilichimba vibaya, nilichimba kama wenzangu mpaka jua lilipotokeza juu ya migomba. Kisha nilipouvuta mguu wa kushoto utoke kwenye tope haukuja. Kiuno kiliamuru, na amri ikaishia pajani. Nilianguka uso mbele kwenye maji, jembe chini yangu, na kwa sababu maji yalikuwa kidogo hakuna aliyeharakisha.

"Anaoga," mmoja akasema.

Waliponitoa, msimamizi wa mfongo alimtuma mtu nyumbani. Alikuja baba. Alivua koti la kanisani, akalitundika kwenye tawi, akashika jembe nililoliacha. Hakuna aliyecheka tena. Nilikaa kwenye ukingo nikimtazama akichimba, mzee aliyesamehewa kazi hiyo tangu nipate ndevu. Kaka hakumpokea jembe. Alimwacha achimbe, watu waone vizuri.

Ukoo ukaitwa kukaa kwetu Jumamosi iliyofuata, kwa jambo la nani atabaki na nyumba. Mbege ikapikwa. Mchana wa Ijumaa baba alinifuata bandani nilikokuwa nimesimama, maana kusimama kulikuwa afadhali.

"Kesho watakuuliza mguu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Sema umepona."

Nikamtazama.

"Sema tu umepona. Mfongo nitaweka kibarua. Ng'ombe mama yako atamkatia majani. Kihamba ni chako, sitaki kukigeuza, huyo mwingine atang'oa kila kitu ajenge maduka." Alikuwa anaongea na ng'ombe zaidi kuliko na mimi. "Lakini siwezi kukaa mbele ya wadogo zangu waambiwe nilipuliza mbege bure. Watasema nilikupokea kwa mdomo, moyoni nikabaki na kinyongo. Watasema mguu huo ni wangu."

"Baba, si wako. Ni kovu. Ndani, kwenye mshipa."

"Kovu," akasema. "Umeliona?"

"Hapana."

"Basi sema umepona."

Niliahidi. Nilifikiri usiku kucha na sikuona sababu ya kutosema. Ukweli nilikuwa nimeshautoa kwa jani, nao ulinipatia nini? Neno moja, na nyumba ni yangu, migomba yangu, kahawa zangu za kuni. Wale waliotaka nipone wangefurahi. Asubuhi nilikuwa nimelikariri.

Walikaa kwenye uwanja, wazee kwenye viti, vijana kwenye mabenchi, mimi nikapewa kigoda cha chini mbele yao. Kusimama mbele ya wazee wamekaa ni utovu wa adabu, kwa hiyo nilikaa. Waliongea kwanza juu ya mvua. Wakaongea juu ya bei, juu ya harusi, juu ya binamu aliyepotelea Mererani kwenye machimbo. Mtungi ukazunguka. Moto ukapanda kutoka kisigino, ukajaza shavu la mguu, ukafika nyuma ya goti, ukapita. Nilihamishia uzito tako la kulia, nikaona shangazi akiniona. Nilianza kutoka jasho. Sikuwa nasikia tena wanachosema, nilikuwa nahesabu tu niko wapi: kwenye paja, takoni, kiunoni kwenye mshono. Ndipo mdogo wa baba alipogeuka na kuniuliza, kwa upole kabisa, kwa sauti ambayo hakuna mtu aliyenisemesha nayo tangu nitoke hospitali:

"Na mguu je, mwanangu?"

Ningependa kusema niliwaza juu ya ukweli. Watu wanapenda kusikia hivyo kwa mtu aliyesoma falsafa. Sikuwaza kitu. Mdomo ulifunguka.

"Unauma," nikasema. "Unauma sasa hivi."

Shangazi alivuta pumzi. Mama aliyekuwa mlangoni aliingia ndani. Baba hakuniangalia. Aliwaangalia wadogo zake mmoja baada ya mwingine, polepole, akitafuta uso ambao bado ulimwamini, kisha akafuta midomo kwa nyuma ya mkono.

"Mmesikia," akasema. "Mimi nilimsamehe. Mungu anajua kwamba nilimsamehe. Kama mtoto ameleta isale akiwa na jambo jingine moyoni, hilo si langu." Akamgeukia kaka. "Kihamba utabaki nacho wewe. Mama yako asitolewe jikoni kwake."

"Hatatolewa, mzee."

"Na huyu?" akauliza mdogo wa baba.

"Huyu amesoma," baba akasema.

Wakaitikia, ndiyo, amesoma, kwa sauti za watu waliomaliza kazi ngumu mapema kuliko walivyodhani. Mtu akacheka. Mbege mpya ikaletwa kutoka ndani, na kijia kati ya mabenchi kilikuwa chembamba.

"Mdogo wangu," kaka akaniambia, ameinama na mtungi mikononi, "toa mguu hapo, wazee wanywe."

Niliushika kwa mikono miwili chini ya goti, nikautoa.